Sarafu Iliyoongezeka Uzito

Tarehe 3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Kasha la sarafu za Baba limefika salama jana mchana. Mkwe wako alinikabidhi mkononi, akakataa hata maji ya kunywa, akasema uliapa kumnyonga akisimama popote njiani.

Baba alilipakata, akalifungua mwenyewe na kuzitoa sarafu moja moja. Macho yake, kama nilivyokuandikia, sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, na upasuaji umepangwa tarehe 14 Aprili. Lakini kila sarafu aliitaja kwa kuipapasa na hakukosea hata moja. Muda mrefu sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha. Nilizichukua zote saba nikaenda nazo kazini, nikazipima kwenye mizani ya duka letu la dawa hospitalini. Ni mizani ya umeme iliyozungushiwa vioo, maana hata ukiipumulia inahesabu pumzi yako. Kila sarafu niliipima mara tatu. Kisha nikafungua lile daftari ambalo Baba aliandika uzito wa kila moja kabla hajakuachia kasha, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Pauni ya dhahabu yenye malkia, daftari linasema gramu 8.28, mimi nimepata 7.98. Nusu pauni ilikuwa 4.28, sasa 3.98. Faranga ishirini yenye jogoo ilikuwa 6.74, sasa 6.44. Lira ya Waturuki 7.50, sasa 7.20. Ile dukati ndogo nyembamba 3.78, sasa 3.48. Marki ishirini 8.24, sasa 7.94. Zote sita zimepungua. Ya saba ndiyo kioja. Dola kumi yenye tai, daftari linasema 15.20, nami nimepata 16.71. Hiyo nadhani Baba alikosea kuandika.

Shangazi, sarafu hizi zimelala miaka yote kwenye kabati la chuma la karakana yako. Humo karakanani mna tupa, mna misasa, na mna mafundi wanaoingia na kutoka. Sisemi ni nani. Nasema tu kwamba siku Baba atakapofunguliwa bandeji, kitu cha kwanza atakachoitisha ni mizani yake na daftari lake. Unamjua. Anaweza kuchanganya majina ya wajukuu wake, lakini namba hachanganyi. Akikuta dhahabu imeliwa ndani ya kabati la dada yake wa pekee, sijui nitamtuliza kwa maneno gani. Bado sijamwambia kitu. Nipe jibu kabla ya tarehe hiyo.

Na jambo moja la ziada, kama halikuudhi: mbona hukuleta kasha mwenyewe?

Mwanao,
Mtoa dawa

*

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani, ya pili kwa hasira. Umeniita mwizi kwa adabu sana. Baba yako amekulea vizuri.

Ulitaka kunipigia simu, nimeambiwa, ukaona haipokelewi. Usijisumbue. Miaka arobaini ya kugonga nyundo imeniachia masikio ya kuning'inizia hereni tu. Andika, nami nitajibu.

Sasa kaa nikufundishe kuiba, maana naona huko hospitali hawajakufundisha. Mwizi wa dhahabu ana njia tatu. Anaweza kukwangua ukingo wa sarafu kwa tupa. Anaweza kuzitia sarafu kwenye mfuko wa ngozi akazitikisa siku nzima mpaka zisagane, kisha akauchoma mfuko na kuokota vumbi la dhahabu. Au anaweza kuziogesha kwenye tindikali. Njia zote tatu zina tabia moja: panapokuwa na dhahabu nyingi ndipo panapoliwa zaidi. Mwizi wako amekula gramu 0.30 kwenye pauni nzima, na 0.30 ileile kwenye nusu pauni, na 0.30 ileile kwenye dukati. Mwizi gani huyo mwenye haki kiasi hicho? Nikimpata nitamfanya hakimu.

Chukua kioo cha kukuza uiangalie dukati. Ni nyembamba, ukiibana kwa vidole unahofia itapinda. Gramu 0.30 kwake ni karibu sehemu ya kumi na mbili ya mwili wote. Ningeikwangua kiasi hicho, maandishi ya ukingoni yasingebaki. Yapo au hayapo? Jibu kwanza hilo.

Na ukiwa unaiangalia, uijue vizuri, kwa sababu watu huidharau. Katika sarafu zote za kaka yangu hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo safi kuliko zote. Ukiigawa mafungu elfu, mafungu 986 ni dhahabu tupu. Pauni ina 916, yule jogoo ana 900. Kwa hiyo usipime tu ukaridhika. Pima, kisha zidisha kwa usafi, ndipo ujue umeshika dhahabu kiasi gani. Halafu ukienda kwa wakusanyaji hesabu yote hiyo inapinduka, kwa sababu wao hawanunui dhahabu, wananunua umri na uchache. Nimeshuhudia mtu akitoa pauni tatu nzuri kwa dukati moja iliyochakaa, akatoka dukani anapiga mluzi.

Turudi kwako. Kitu kinachopungua sawasawa, kwa kikubwa na kwa kidogo, hakikuibwa. Kiliongezwa wakati wa kupima. Kuna kitu cha gramu 0.30 kilichokuwa kimekaa kwenye mizani ya baba yako pamoja na kila sarafu. Ni kitu gani, mimi sijui, sikuwepo. Mwombe akuonyeshe alivyokuwa anapima. Usimwambie sababu.

Ile ya saba achana nayo. Kalamu ya kaka yangu ilikuwa inateleza.

Shangazi yako,
Sonara, na kwa sasa mshtakiwa

*

Tarehe 21 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, tena mara mbili, maana moja ni ya kuomba radhi.

Maandishi ya ukingoni mwa dukati yapo yote, herufi kwa herufi. Niliyaangalia nikaona aibu, lakini aibu peke yake haikunieleza zile 0.30 zilikotoka. Basi Jumapili nilimtolea Baba mizani yake ya zamani, ile ya sahani mbili, nikaiweka mbele yake mezani. Nikamwambia, "Baba, nifundishe ulivyokuwa unapima."

Akakunja mikono ya shati. Mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa meza, ukapapasa tena, nikadhani anatafuta sarafu.

"Karatasi iko wapi?" akauliza.

"Karatasi ya nini?"

"Utaweka kitu kwenye sahani bila karatasi? Nani amekufundisha kazi wewe?"

Nikamkatia karatasi ya kufungia dawa ya unga, kipande kama alichokuwa anatumia yeye. Akailaza kwenye sahani ya kushoto, akainyoosha kwa kidole gumba, akaweka pauni juu yake. Kulia akaweka mawe ya mizani peke yake. Nikamuuliza, "Na karatasi ya upande wa pili?"

Shangazi, nilimwona anairudisha kazi yake yote kichwani. Kule kwenye duka la dawa alikofanya kazi, sahani ya kulia ilikuwa na karatasi yake siku zote. Mhudumu aliibadilisha kila asubuhi kabla Baba hajaingia. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi hata siku moja kuiweka kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuja kupima sarafu nyumbani alifanya alichozoea, akasahau kwamba nyumbani hakuna mhudumu. Alicheka mpaka akapaliwa. "Miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa nahesabu karatasi kama dhahabu." Hakuniuliza kwa nini nataka kujua.

Niliipima karatasi ile kazini. Gramu 0.30.

Kwa hiyo hakuna mwizi. Nisamehe. Nilikushuku, nikaandika kwa mzunguko kama mtu anayeogopa kukanyaga matope, na ningekuwa wewe nisingejibu kwa ucheshi ulionijibu nao.

Lakini sasa ya saba haiachiki. Nimetoa karatasi kwenye kila namba ya daftari. Sita zinalingana na mizani yangu. Ya saba inakuwa 14.90, na iliyopo mkononi ni 16.71. Kalamu ya Baba haikuteleza, mwandiko wake uko wazi na amepiga mstari chini. Nikaenda maktaba, nikaomba kitabu cha sarafu, nikakuta kwamba dola kumi ya aina hii ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 16.72. Maana yake sarafu iliyopo leo ni kamili, na ile aliyoipima Baba zamani ilikuwa pungufu karibu gramu mbili. Dhahabu haioti kama nywele, Shangazi.

Tena kuna jambo lingine. Siku ile kasha lilipofika, Baba aliitaja ya saba kwa jina kama zile nyingine, kisha akabaki nayo vidoleni muda mrefu kuliko zote. Akasema, "Hii imekonda." Nilimwambia vidole vyake vimesahau. Akasema, "Labda," akairudisha. Nami nikabaki najiuliza: kitu kinakondaje huku kinaongezeka uzito?

Sarafu sita umenijibu kwa kurasa tatu. Ya saba umeijibu kwa mstari mmoja, wewe ambaye hata salamu huimalizi kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Mtoa dawa aliyefedheheka

*

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Umenibana kwenye kona, na kona ya karakana yangu unaijua ilivyo finyu. Basi soma, na ukimaliza ufiche barua hii mahali ambapo hata upepo hauingii.

Mama yetu alipofariki alituachia cherehani, mimi na kaka yangu, tukiwa wawili tu. Hakuna kati yetu aliyejua kushona. Ikakaa chini ya shuka miaka. Siku moja baba yako akaniomba tuiuze, akasema amemwona mtu mwenye sarafu ya dola kumi, na kwamba ni afadhali mama abaki katika kitu kisichoshika kutu. Nikamwambia uza. Baada ya wiki mbili akaja karakanani, akaniwekea sarafu kiganjani. "Cherehani yetu hii hapa," akasema. "Iangalie basi, wewe ndiye fundi."

Mwanangu, nilikuwa nalehemu mkufu wa bibi harusi na mteja amesimama mlangoni anagonga kiatu chini. Niliiangalia kwa macho. Nikasema, "Nzuri." Sikuigonga, sikuisugua kwenye jiwe, sikuipima. Nilisema nzuri kama mtu anavyosema nzuri kwa chakula ambacho hajakionja.

Mwaka uliofuata mtaani kwenu wezi wakaanza kuvunja nyumba, akaniletea kasha nimtunzie. Alipoondoka nikazitoa sarafu kuzifuta vumbi. Ile ya tai ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni. Wakati huo masikio yangu yalikuwa bado masikio. Dhahabu ikianguka inalia. Ile ilisema "dup" ikanyamaza. Niliishika nikaona jinsi ilivyo nene kuliko inavyostahili, nene kama kifungo cha koti, na huo unene ndio aliokuwa anajivunia. Nikaikwangua kidogo sana ukingoni. Ndani kijivu. Madini ya risasi, yamepakwa dhahabu juu.

Nilikaa chini sakafuni palepale. Cherehani ya mama imekuwa risasi, na mimi sonara ndiye niliyesema nzuri.

Ningemwambia nini? Kwamba ameibiwa? Au kwamba aliniuliza na mimi sikujali? Kila nikitunga sentensi naiona sura yake. Nikaamua kitu kimoja tu: sarafu ile itakuwa ya kweli, hata kama hajui kwamba haikuwa. Niliitafuta miaka mitatu. Mwishowe mwenye duka moja la sarafu akanionyesha yenyewe, kamili, inalia kama kengele. Nilikuwa na bangili nne alizoniachia mama, gramu 21.6 za karati kumi na nane, yaani dhahabu tupu gramu 16.2. Sarafu yake ina dhahabu tupu 15.05. Akaniambia tunalingana. Hatukulingana, alinizidi gramu moja na ushee na wote tulijua, lakini nilizivua nikampa.

Sasa unajua kwa nini sikuleta kasha mwenyewe. Unajua pia kwa nini sikuja kwenye harusi yako. Nilisema mgongo, nilisema kazi nyingi, nilisema basi liliharibika. Mgongo wangu ni mzima. Ningekaa mbele ya kaka yangu, angeniuliza, "Sarafu zetu hazijambo?" nami ningeangua kilio katikati ya wageni. Miaka kumi na mmoja sijamtia machoni ndugu yangu. Huwa namkumbuka hasa jioni nikifunga karakana, maana alikuwa akinitania kwamba nafagia sakafu kwa uchoyo kwa sababu ya vumbi la dhahabu.

Nakuomba jambo moja. Mwandiko wako na wake ni ule ule. Pale palipoandikwa 15.20, andika 17.01. Ni kalamu ya nusu dakika. Akipima atakuta kila kitu kinakwenda sawa na karatasi yake, atacheka, yataisha. Asije akafunguliwa macho halafu cha kwanza anachokiona kikawa hicho.

Shangazi yako

*

Tarehe 8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa stoo kazini, nimekaa juu ya boksi la dripu, na nimelia mpaka mwenzangu akadhani tumefiwa.

Juzi nilifungua daftari, nikashika kalamu ya wino kama wa Baba. Miaka tisa natoa dawa, sijawahi kubadilisha namba iliyoandikwa na mtu mwingine, hata nilipojua amekosea. Namrudishia abadilishe mwenyewe. Mkono umekataa, Shangazi. Si kwa kiburi. Umekataa tu.

Nitakachofanya ni hiki: daftari nitalificha. Akiliulizia nitasema nililiacha kazini, na kesho yake nitasema hivyo hivyo. Sijui litanifikisha wapi.

Lakini nikuulize, na unijibu kama ulivyonijibu kuhusu tupa na tindikali, kwa akili yako yote. Unasema unamlinda Baba asijue aliuza cherehani akapata risasi. Mimi ninayeishi naye nakwambia kinachomuuma si cherehani. Kila mwaka siku za likizo zikikaribia anauliza, "Shangazi yako ameandika?" Nikisema hapana anasema, "Ana kazi nyingi," kisha anabadilisha mazungumzo. Pima hilo nalo. Kuna upande wa pili wa mizani ambao hujauwekea kitu.

Njoo, Shangazi. Operesheni ni Jumanne. Uwepo akifungua macho.

Mwanao

*

Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Siwezi. Nilifunga hata begi. Nimelifungua tena.

Mwambie namwombea. Mwambie nina kazi nyingi.

Daftari lifiche vizuri.

Shangazi

*

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Utaniwia radhi kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Jicho la kulia lina wiki mbili na nusu tangu lisafishwe, la kushoto bado linangoja zamu. Daktari ameniruhusu kuandika nusu saa kwa siku. Barua hii ina siku nne.

Naona. Nimeona kucha zangu, nimeona nyufa za ukuta, nimeona kwamba binti yangu amepata mvi tatu na hakuniambia. Niliitisha mizani siku ya sita. Daftari likawa "limebaki kazini". Siku ya saba likawa bado limebaki kazini. Huyu mtoto hajui kudanganya, na hajui kuficha pia. Lilikuwa kabatini chini ya mataulo. Chini yake zilikuwa barua zako. Nilipaswa kuziacha. Sikuziacha. Macho mapya yana umbea, nisamehe.

Sasa na mimi nina la kusema, na nimelikalia muda mrefu kuliko wewe.

Sarafu ile nilijua ni ya risasi wiki ileile niliyoinunua. Nilitoka kwako nikaenda kazini, nikaifunga kwa uzi, nikaipima hewani kisha nikaipima ndani ya maji, kama tulivyofundishwa kujua kitu ni kizito kiasi gani kwa ukubwa wake. Nilirudia mara nne. Haikuwa dhahabu hata kwa kuibembeleza. Nilijua nimeuza cherehani ya mama kwa kifungo cha risasi.

Nilitaka nirudi karakanani siku hiyohiyo nikuambie. Nikafika kwenye kona ya mtaa wako nikasimama. Nilijiuliza: ameshaniambia ni nzuri. Nikimwambia ni bandia, nitakuwa nimemwambia kwamba yeye, sonara ambaye watu wanatoka mbali kumletea dhahabu, hajui dhahabu. Niliona hukuigonga. Niliona mteja wako anagonga kiatu. Nikasema nisimvunjie mdogo wangu heshima yake kwa ujinga wangu mimi. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata nikakuletea kasha. Wezi walikuwepo kweli, lakini ningeweza kulipeleka benki. Nilikuletea wewe makusudi. Nilijua utazitoa kuzifuta, na nilijua ukiishika ile kwa utulivu utaitambua. Nilitaka ugundue mwenyewe, unijie juu, unitukane, unicheke, yaishe. Nikangoja. Badala ya matusi ukaja ukimya. Hukuja sikukuu, hukuja harusi ya binti yetu. Nikasema basi, ameigundua, na anaona haya kuwa na kaka mpumbavu aliyeuza kumbukumbu ya mama. Miaka kumi na mmoja nimekula na wazo hilo na kulala nalo. Kwa hiyo sikukuandikia. Nilidhani umenichoka.

Kasha liliporudi, niliishika ya saba nikajua papo hapo kwamba si ile. Ilikuwa nyembamba na nzito. Sikuelewa. Nilidhani labda ulimpa fundi akatengeneza, labda ni mchezo. Mpaka niliposoma kuhusu bangili.

Nimezipima zote saba upya, bila karatasi, binti yetu akisimamia kama mkaguzi. Halafu nimefanya hesabu yako ya usafi, moja moja. Sasa nisikilize, na usibishe mpaka umalize kusoma.

Dola kumi hii ina dhahabu tupu gramu 15.05. Bangili zako zilikuwa na 16.2. Unanidai gramu 1.15 na kitu juu yake. Dukati ina dhahabu tupu gramu 3.43. Nakurudishia zote mbili, tai na dukati. Ziyeyushe. Unanijua, mdogo wangu. Nimewahi kugombana na mwalimu wangu mwenyewe kwa sababu alitoboa sarafu ya zamani akaitia kwenye mkufu. Leo nakuambia, yeyusha zote mbili, utie unachotia mpaka zifike karati kumi na nane, utengeneze bangili nne, za upana uleule, uzivae. Kitakachobaki kwenye dukati ni cha ufundi wako, maana najua hufanyi kazi bure hata kwa kaka yako. Wakusanyaji wakisikia watanilaani. Waache walaani.

Mkwe wako hatabeba kitu safari hii, na mimi siziweki kwenye basi la mtu. Ziko mezani kwangu, zimefungwa kwenye karatasi moja ya dawa, ya upande mmoja tu kama kawaida yangu.

Na ile ya risasi, natumaini hukuitupa. Ile ndiyo yangu. Niliinunua mwenyewe kwa macho yangu mazima, na nafasi ya saba kwenye kasha imebaki wazi. Usimpe mtu akuletee. Ije na wewe.

Kaka yako